Kabla mzee hajarudi kutoka Zambia, ulizeni pasipoti yake

Familia nyingi za Itumba na vijiji vya Ileje zina mzee aliyeko ng'ambo ya mpaka. Aliondoka kijana, akapita Tunduma na Nakonde, akafika Kitwe, Mufulira au Chingola, akafanya kazi mgodini, gereji au dukani. Huko akaoa, akajenga, akazeeka. Sasa anapiga simu kusema amestaafu, anarudi nyumbani.

Watoto wanafurahi. Chumba kinapakwa rangi, nauli inachangwa, lori la kubeba vitu linatafutwa. Swali moja halimo kwenye orodha hiyo, na ndilo zito kuliko yote: mzee anarudi akiwa raia wa wapi?

Kwa wengi swali hilo ni kama tusi. Amezaliwa Ileje, makaburi ya wazazi wake yako hapa, Kindali chake ni kizuri kuliko cha wajukuu. Atakuwaje mgeni? Lakini sheria haiangalii kaburi wala lugha. Inaangalia karatasi, na karatasi za mtu aliyeishi nje miaka 35 zinaweza kusema jambo ambalo familia haijawahi kulisikia.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mtanzania aliyetimiza miaka 18 akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine, uraia wake wa Tanzania unakoma. Hakuna barua inayotumwa Itumba kuwajulisha ndugu. Unakoma kimyakimya, na mhusika anaweza kugundua miaka mingi baadaye anapokwenda kuomba kitambulisho.

Majirani wengi wamechukua njia tofauti, na hapo ndipo wazee wanapochanganyikiwa. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya 2010. Zambia iliruhusu kwa mabadiliko ya katiba ya 2016. Mzee aliyeko Kitwe anasikia redioni kwamba uraia wa nchi mbili ni ruksa, anaamini amebaki na kwao pia. Kwa upande wa Zambia ni kweli. Kwa upande wa Tanzania, siyo.

Wengine hawakuufuata uraia kwa mapenzi. Walitaka kazi ya kudumu, kiwanja, au mtoto asome bila usumbufu, wakapata kadi ya usajili ya Zambia, ile NRC ya kijani ambayo hutolewa kwa raia. Kwao ilikuwa kadi ya kutafutia mkate tu. Leo kadi hiyo ndiyo inayoweza kuamua kama wataingia Tunduma kama wenyeji au kama wageni.

Muhuri wa mpakani si ukaazi

Pale Tunduma, tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe mwaka 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu, kuvuka kumekuwa kwepesi kuliko zamani. Raia wa Zambia haombi viza kuingia Tanzania. Anagongewa muhuri, anapewa siku za kukaa, kwa kawaida zisizozidi 90, anaendelea na safari hadi Mpemba na kukata kona kuelekea Itumba.

Wepesi huo umewaponza wengi. Siku zile ni za matembezi. Hazimpi mzee haki ya kuishi, wala kufungua duka, wala kuandikwa kama mkazi. Zikiisha, yule babu aliyeketi barazani anakunywa uji anakuwa mtu anayeishi nchini kinyume cha sheria, hata kama nyumba ni yake na kijiji kizima kinamwita baba.

Wapo pia wanaodhani Jumuiya ya Afrika Mashariki itawasaidia. Zambia na Malawi si wanachama wa jumuiya hiyo. Ni wenzetu katika SADC, ambayo inarahisisha matembezi lakini haimpi mstaafu ukaazi.

Mzee wenu yuko kundi gani?

Kundi la kwanza ni wale ambao hawakuwahi kubadili uraia. Waliishi Zambia kwa kibali, pasipoti yao ni ya Tanzania hata kama imeisha muda miaka kumi iliyopita. Hawa wanarudi kwao. Kazi yao ni kukusanya ushahidi: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, pasipoti ya zamani, na namba ya NIDA kama hawajawahi kuwa nayo. Jambo moja la kuangalia: Mkoa wa Songwe ulianza mwaka 2016. Karatasi za mzee zitasema Mkoa wa Mbeya. Hilo si kosa, ila anayejaza fomu aandike mahali pa kuzaliwa kwa namna isiyopingana na cheti.

Kundi la pili ni wale waliochukua uraia wa Zambia na wana pasipoti ya huko. Kisheria hawa ni wageni wenye asili ya Tanzania. Wanahitaji kibali cha ukaazi, na daraja linalowahusu kwa kawaida ni C, lile lile linalowapokea wanafunzi, wamisionari, wastaafu na waliowahi kuwa Watanzania. Maombi hujazwa kwenye mfumo wa mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Mwombaji ajiandae na pasipoti iliyo hai, ushahidi wa asili yake, na ushahidi wa jinsi atakavyojikimu, hasa pensheni. Akipata kibali, NIDA humtolea kitambulisho cha mgeni mkazi.

Kundi hili lina habari njema ya karibuni. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yanayoanzisha hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania ambao ni raia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo si uraia. Haimrudishii mzee haki ya kupiga kura. Lakini inatambua kwamba mtu wa Ileje aliyekuwa Kitwe si sawa na mtalii. Ofisi ya Uhamiaji ndiyo ya kuuliza masharti na ada zake, si jirani wala kundi la WhatsApp.

Anayetaka uraia wenyewe, njia ya tajnisi ipo, ila ni ndefu. Sheria inadai awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba ndani ya miaka kumi iliyotangulia hiyo. Kwa mtu wa miaka 68, hesabu hiyo ifanywe mapema.

Kundi la tatu ndilo gumu: wale wenye karatasi za pande zote mbili, au NRC ya kijani iliyopatikana kwa maelezo ya kwamba walizaliwa huko. Hawa wasikisie. Watafute wakili au wakaulize Uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote, kwa sababu jibu litakaloandikwa kwenye fomu ya kwanza litawafuata.

Mama aliyekuja naye

Mara nyingi mzee harudi peke yake. Anakuja na mke aliyezaliwa Zambia au Malawi, mama aliyewalea watoto wote. Sheria ya Uraia inampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia, lakini ina maneno ambayo familia zinapaswa kuyasoma mara mbili: aombe wakati wowote mume akiwa hai.

Mume akifariki kabla ya maombi, mlango huo unafungwa. Mjane anabaki ugenini kisheria, katika nyumba aliyoijenga na marehemu, akiwategemea watoto wamwombee kibali kama mtegemezi wao. Msiba mmoja unazaa wa pili. Kama mama ameamua maisha yake yaliyobaki ni Itumba, maombi yake yasisubiri. Ajue pia kwamba ataulizwa kuhusu kuukana uraia wa kwao, na uamuzi huo ni wake mwenyewe. Wapo akina mama wanaoona ni afadhali wabaki na uraia wao na kukaa kwa kibali, na wana sababu zao.

Haki hiyo inasimama juu ya uraia wa mume. Kama mzee mwenyewe ni raia wa Zambia, mke hawezi kuipata kupitia kwake. Ndiyo maana pasipoti ya mzee huulizwa kwanza.

Mambo mawili yanayokwamisha pensheni

La kwanza ni mfuko wenyewe. Mamlaka ya pensheni ya Zambia, NAPSA, ilianza mwaka 2000 ikichukua nafasi ya mfuko wa zamani, ZNPF. Mzee aliyeanza kazi miaka ya 1980 ana michango sehemu zote mbili. Aulize zote, na aulize akiwa bado yuko huko. Kufuatilia jalada ukiwa Kitwe ni nauli ya daladala. Kulifuatilia ukiwa Itumba ni safari ya siku kadhaa. Aulize pia fedha zitalipwaje akiwa nje ya nchi, na atathibitishaje kila mwaka kwamba bado yu hai.

La pili ni jina. Karani wa Zambia au Malawi huandika anavyosikia. Kibona wa Ileje akawa Chibona kwenye kadi ya mgodi. Tarehe ya kuzaliwa ikakadiriwa, mwaka mmoja mbele au nyuma. Nyumbani watu wanacheka. Benki haicheki. Tofauti hizi zirekebishwe kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, au kwa hati rasmi ya kubadili jina, wakati mwenye jina bado anaweza kusaini kwa mkono wake.

Namna ya kumuuliza bila kumvunjia heshima

Watoto wengi wanajua haya ila wanaogopa kuanza. Kumuuliza baba, "Wewe ni raia wa wapi?" ni kama kumwambia si wa hapa. Basi swali lisianze na uraia. Lianze na msaada.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaandaa ujio wenu. Naomba ukae na mama mtoe karatasi zote kwenye sanduku, hata zilizochakaa. Nikija mwezi ujao tuzipange pamoja."

Karatasi zikiwa mezani, zitasema zenyewe. Mzee akiona mtoto hamhukumu, ataeleza alivyopata kadi ile, mwaka gani, na kwa nini. Huo ndio ukweli familia inaouhitaji. Ukimya wake mara nyingi si ujanja. Ni hofu kwamba atakataliwa kwao.

Njia ya mkato inawarudia wajukuu

Atatokea mtu wa kusema, "Mzee anajulikana, pateni barua ya kitongoji, aandikishwe NIDA, yaishe." Kujulikana si uraia, na kutoa maelezo ya uongo ni kosa la jinai. Zaidi ya hapo, wilaya za mpakani huangaliwa kwa makini. Kijana wa Ileje akiomba pasipoti, huulizwa vyeti vya wazazi, na mara nyingine habari za babu na bibi. Uongo wa mzee mmoja unaweza kumkuta mjukuu dirishani miaka 15 baadaye, akiwa na nafasi ya masomo mkononi.

Wajukuu wana jambo lao pia. Mtoto aliyezaliwa Zambia kwa mzazi Mtanzania anaweza kuwa na uraia wa nchi zote mbili akiwa mdogo. Akifika miaka 18 sheria inamtaka achague. Akitaka kubaki Mtanzania, aukane ule mwingine kwa utaratibu uliowekwa. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu au cha nne aiweke tarehe hiyo kwenye kalenda kama anavyoweka ya mtihani.

Kuhusu shamba, tahadhari ni moja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji. Marekebisho ya 2025 yamelegeza kwa wenye hadhi maalumu, kwa masharti. Kabla mzee hajanunua ekari za kahawa kwa fedha ya kiinua mgongo, hali yake ya uraia ijulikane. Wazee wamepoteza akiba ya maisha kwa kununua kwa jina la mpwa, kisha mpwa akabadilika.

Yote haya yanahitaji muda, na muda huo ni ule ambao mzee bado yuko kazini, anatembea, anakumbuka majina ya wasimamizi wake na mwaka aliohamia. Likizo ya mwisho kabla ya kustaafu inatosha kuanza: pasipoti, NRC, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za mfuko, zipigwe picha zote kwa simu na nakala zibaki kwa watoto wawili tofauti. Chumba kinaweza kupakwa rangi hata wiki ya mwisho.