Salfa imefika, ua limekwisha kauka

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima, lakini hasira ninayo na sitaificha. Msimu huu sisi wakulima wa korosho wa kijijini kwetu, wilayani Tandahimba, tumegawiwa salfa wakati ugonjwa wa ubwiri unga umekwisha kula maua. Salfa ni kinga. Hupulizwa maua yanapoanza kuchomoza, alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Ua likishakauka na kuwa jeusi, hakuna dawa ya kulirudisha. Mifuko niliyopewa imerundikwa stoo.

Mkorosho huzaa mara moja kwa mwaka. Nikipoteza ua la Julai nimepoteza mnada wa Oktoba, na kati ya mnada huo na unaofuata sina fedha nyingine. Siwezi kupanda tena wiki ijayo. Mwaka wangu mzima umekwenda, Mheshimiwa. Binti yangu aliyepata nafasi chuo cha uuguzi yuko nyumbani. Waliopalilia shamba bado wananidai.

Tuliambiwa gari lilichelewa. Aliyelipwa kusafirisha hajafika kijijini kujieleza, na sijasikia kiongozi yeyote aliyemwita amuulize.

Ningelimeza hili kama lingekuwa la gari moja. Lakini kusini tumezoeshwa kungoja. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa baada ya Uhuru vingi viligeuka maghala, na sehemu kubwa ya korosho yetu ingali inapakiwa melini ikiwa ghafi. Mwaka 2010 ulipozinduliwa mpango mkubwa wa ukanda wa kilimo, SAGCOT, ulifuata reli ya TAZARA na barabara kuu: Morogoro, Iringa, Mbeya. Siwaonei kijicho wakulima wa huko, wanastahili kila walichopata. Nauliza kwa nini Mtwara, yenye bandari yake ya kina kirefu, haikustahili.

Kisha ikaja 2018. Asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikapelekwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga, hawakusikilizwa. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000; uliofuata zilishuka hadi takriban 225,000. Ruzuku ya pembejeo ilipoanza tena tulishukuru, na shukrani hiyo siifuti. Ila ruzuku inayokuta ua limekauka hainisaidii kitu. Mwaka unakwenda vilevile, kama vile nisingepewa kabisa.

Naomba mambo haya. Salfa iwe kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika kabla Mei haijaingia. Ratiba ya magari ibandikwe ofisi ya kijiji, na jina la msafirishaji liandikwe. Akichelewa, alipe kwa thamani ya mavuno yaliyopotea, maana mimi nimelipa. Na fedha inayokatwa kwenye kila kilo yangu mnadani, nielezwe imefanya nini Tandahimba, shilingi kwa shilingi, mbele ya mkutano wa kijiji.

Mikorosho yangu itatoa maua tena mwakani. Nataka jibu lako kabla ya hapo.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara