Mtambo Hauulizi Jina la Mzizi

Mganga wa Nyakisasa, wilayani Ngara, akiambiwa apeleke dawa yake ikapimwe, kinachomjia kwanza si sumu bali siri. Anahofia mpimaji atajua mizizi aliyotia, kisha aitengeneze mwenyewe na kuiuza mjini. Wanaowalaumu waganga kwa kukwepa vipimo aghalabu hawaigusi hofu hiyo.

Chini ya mfumo uliotokana na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, dawa inayotaka usajili hupita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Safari hiyo inamfaa mwenye chupa, lebo na soko. Anayewachemshia majirani magome hana sababu ya kuianza. Naona tumefunga pamoja mambo mawili yasiyohusiana: usajili wa dawa na kutafuta uchafu ulioingia humo. Kutafuta risasi, kadmiamu au aseniki hakuhitaji kuujua mti. Sampuli huyeyushwa kwa asidi, mtambo ukasoma metali zilizomo, basi. Shirika la Afya Duniani limependekeza risasi isizidi miligramu 10 kwa kilo, na kadmiamu 0.3, uwe mwarobaini au mzizi usiotajwa jina.

Na mara nyingi mti hauna kosa. Biharamulo, jirani na Ngara, kuna dhahabu. Mawe husagwa kwenye karasha, zebaki hunasa dhahabu, marudio, yaani unga wa mawe uliokwisha kukamuliwa, hubaki yakipeperushwa na upepo. Magome yaliyoanikwa jirani hushika vumbi hilo. Kuchemsha huua vijidudu, ila risasi haiishi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, iliyomo huzidi kukolea.

Vipimo hivyo mimi ningevianza na udongo wanaokula wajawazito, ule uitwao pemba. Utafiti wa Geita uliochapishwa 2014 ulihoji wajawazito 340, asilimia 45.6 walikuwa wakila udongo, na udongo wenyewe ulikutwa na aseniki, kromiamu na nikeli. Matokeo hayo hayabebeki hivi hivi hadi Ngara, yenye miamba yake na nikeli yake ya Kabanga. Ndiyo sababu ya kupima.

Gharama ibebwe na halmashauri. Afisa afya wa kata akusanye sampuli zenye namba badala ya majina, zipelekwe ofisi ya Mkemia Mkuu Mwanza. Jibu baya aambiwe kwanza mganga, ahamie kwingine kuchimba mizizi, kabla ya kuitiwa polisi. Na sampuli itakayobaki arudishiwe, maana kwa vifaa vingine hata siri yake ingeweza kusomeka.