Hesabu Magurudumu Kabla ya Kuandika Historia

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, simu zetu hujaa picha za vita. Mwaka huu, katika kundi la wakazi wa mtaa wetu hapa Boko, ilizunguka tena picha ambayo mimi mwenyewe niliitumia darasani kwa miaka mitatu: kifaru kirefu, askari wamekaa mgongoni mwake, na chini yake maelezo kwamba hao ni vijana wetu wakielekea Kampala mwaka 1979. Niliipata mtandaoni, nikaipenda, nikaifundishia. Sikuuliza ilipigwa wapi, wala nani aliipiga.

Aliyenisahihisha ni jirani yangu, mzee mstaafu wa Jeshi la Wananchi, aliyevuka Mto Kagera akiwa kijana. Nilimwamkia, nikamwonyesha ile picha kwa fahari. Akavaa miwani, akaitazama, akanirudishia simu. "Mwalimu, hiki si chetu," alisema. "Vyetu vilikuwa na magurudumu makubwa matano kila upande. Hiki hebu hesabu mwenyewe." Nikahesabu. Yalikuwa sita, madogo, yamefungwa mawili mawili.

Mzee alikuwa sahihi, nami mwenye shahada ya uzamivu nilikuwa nimekosea. Vifaru vya JWTZ katika vita ile vilitoka China: Type 59, iliyotokana na T-54 ya Kisovieti, na Type 62, ndugu yake mwepesi wa tani zipatazo 21. Vyote viwili vina magurudumu makubwa matano kila upande, kiwiliwili kifupi, na kichwa kama bakuli lililofunikwa. Kifaru cha picha yangu ni Sherman, cha Marekani, cha enzi za Vita Kuu ya Pili.

Hapa ndipo jambo linapochoma. Jeshi letu halikuwa na Sherman. Uganda ilikuwa nazo, ilizozipata kutoka Israel kabla Idi Amin hajavunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1972. Kwa hiyo picha ile ama haihusiki kabisa na vita yetu, ama kifaru kile ni cha upande wa Amin. Miaka mitatu nimewafundisha vijana huenda kwa kuwavika mashujaa wetu silaha ya mvamizi.

Najua nitakayojibiwa: ni picha tu, ujumbe si umefika? Hoja hiyo siikubali. Picha ni ushahidi, na ushahidi wa uongo huuangusha hata ukweli uliosimama karibu nao. Mwanaharakati anayedai wastaafu waenziwe, akiweka picha ya uongo juu ya andiko lake, amempa mpinzani sababu ya kulitupa andiko zima. Mwanafunzi anayeibandika kwenye tasnifu ameandika historia ya watu wengine na kuipa jina letu.

Kosa hili halianzii Kagera. Babu zetu wa Tanganyika walipigana wakiwa askari wa Keya, Abisinia mwaka 1941 na Burma mwaka 1944, na picha za vita hizo huchanganywa ovyo. Vifaru vyenyewe vingetusaidia, kama tungejua kuvisoma. Lee ya Marekani ina mizinga miwili, mmoja kichwani na mwingine mkubwa ubavuni mwa kiwiliwili. Waingereza walianza kuipeleka vitani mwaka 1942. Basi picha yenye Lee haiwezi kuwa ya Abisinia ya 1941, hata maelezo yake yaseme nini. Vivyo hivyo tuache kuita kila kifaru kikubwa cha Marekani "kizito". Stuart ndiyo nyepesi, yenye mzinga mdogo wa milimita 37. Sherman, pamoja na tani zake thelathini na ushei, ni ya kati. Pershing, yenye mzinga wa milimita 90, ndiyo iliyoitwa nzito, nayo ilifika vitani Ulaya mapema mwaka 1945, vita ikikaribia kwisha.

Hata hivyo kuhesabu magurudumu kuna mpaka wake. Kutakuonyesha kisicho chetu, lakini hakutathibitisha kilicho chetu. Jeshi la Amin nalo lilikuwa na vifaru vya Kisovieti vyenye magurudumu matano, na Walibya waliokuja kumwokoa walileta T-55 hadi Lukaya, Machi 1979. Kwa umbo, hivyo na Type 59 ni kama watoto wa mama mmoja. Hapo kitabu hunyamaza, akabaki aliyekuwepo: anayeijua ile barabara, alama ya kikosi, uso wa dereva.

Na aliyekuwepo anazeeka. Aliyekuwa na miaka ishirini Amin alipotuvamia Oktoba 1978 sasa anaukaribia uzee wa miaka sabini, kama hajaupita. Ndugu watumishi wa umma mnaotunza picha za vita ile, popote mlipo: kila picha isiyo na jina, tarehe wala mahali inasubiri mtu ambaye huenda mwakani hatakuwepo. Waiteni wazee hawa. Wakalisheni, wawekeeni picha mezani, andikeni wanayosema, kisha zifungueni kwa umma. Kazi hii inahitaji meza, kalamu na nauli. Tusiambiwe bajeti haitoshi.

Kwenu wanafunzi wangu: picha isiyo na chanzo iandikieni "chanzo hakijulikani", au iacheni. Yangu nimeiondoa, na muhula ujao nitaanza somo kwa kuwaeleza nilivyokosea.

Kabla sijaaga siku ile, mzee aliniuliza kama katika picha zangu zote ninayo hata moja ya kikosi chake. Sikuwa nayo. Naye hana.