Ngoma ya Watoto na Mikono ya Wakubwa

Wahenga walisema kuwa ngoma ya watoto haikeshi. Walisema hivyo kwa sababu watoto hucheza kwa nguvu zao wenyewe, na nguvu hizo zina kikomo. Usingizi ukiwashika, ngoma huisha. Katika Kenya imepatikana hila ya kuikesha ngoma hiyo. Wakubwa wameitwaa, wakaishika mikononi mwao, wakaipiga kwa mapigo wayapendayo, na watoto wakaachiwa kazi ya kucheza tu. Ngoma sasa hukesha, lakini ni vigumu kuiita ya watoto.

Ngoma inayosemwa hapa ni Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Lilianza mwaka 1959, wakati wa ukoloni, na limekua hata likawa kubwa sana. Kila mwaka shule hushindana tangu kaunti ndogo mpaka kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Na fainali huwa mwezi wa Aprili. Ndani yake mna michezo ya kuigiza, ngoma, mashairi, masimulizi, vichekesho, na siku hizi filamu fupi. Washindi hupata vikombe, na walio bora zaidi huitwa kutumbuiza mbele ya Rais wa nchi. Vijana wengi wamejifunza humo kusimama mbele ya umati bila kutetemeka na kutamka neno likasikika. Sifa hiyo ni haki ya tamasha, na kuinyima ni choyo.

Lakini na aulizwe yeyote anayelijua tamasha hili: michezo hiyo huandikwa na nani? Jibu si siri. Mingi huandikwa na watu wazima. Pengine ni walimu wa shule. Pengine ni watunzi na waongozaji wanaoajiriwa kutoka nje, ambao kazi yao ni kutafuta kikombe kwa ajili ya shule iliyowaita. Mwanafunzi hupewa maneno ayakariri, huonyeshwa mahali pa kusimama, huambiwa lini alie na lini acheke. Kasuku naye hufundishwa hivyo hivyo, na hakuna aliyepata kumsifu kasuku kwa fikira zake.

Uovu wa desturi hii ulidhihirika mwaka 2025. Shule ya wasichana ya Butere ilikuwa na mchezo uitwao Echoes of War. Ulihusu nchi ya kubuni na pengo lililopo baina ya vijana wake na watawala wao. Mwandishi wake alikuwa Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega. Mchezo ulizuiwa, shauri likapelekwa Mahakama Kuu, nayo ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza. Tarehe 9 Aprili Malala alikamatwa mjini Nakuru. Kesho yake asubuhi watu waliokuja kutazama walifukuzwa kwa mabomu ya machozi. Wasichana waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza.

Waliofyatua mabomu hayo hawana udhuru. Mahakama ilikwisha kusema, na serikali inayowafundisha watoto utii wa sheria ikaivunja sheria mbele ya macho yao. Wala halikuwa jambo la mara ya kwanza. Mwaka 2013 shule hiyo hiyo ilizuiliwa mchezo wake Shackles of Doom, ulioandikwa na Malala huyo huyo, na Mahakama Kuu ikaufungulia njia. Dola yenye majeshi na magereza, ikiogopa mchezo wa wanafunzi, imejishusha yenyewe kuliko mchezo wowote uwezavyo kuishusha.

Hayo yamesemwa na wengi, na wamesema kweli. Neno lililosahauliwa ni jingine. Mchezo uliodai kuwatetea vijana dhidi ya wakubwa uliandikwa na mkubwa, ukapigwa marufuku na wakubwa, ukabishaniwa mahakamani na katika magazeti na wakubwa. Upande mmoja ulisema wasichana wametumiwa. Upande wa pili ulisema wasichana wamenyamazishwa. Pande zote mbili ziliamini kwamba sauti yao ilikuwa katika maandishi ya mtu mwingine. Lawama hapa haimwangukii Malala peke yake. Yeye alifanya hadharani kazi ambayo wengi huifanya kimya kimya. Lawama ni ya desturi iliyomfanya mwanafunzi kuwa mdomo wa kuazimwa, kwa maana mdomo wa kuazimwa ni rahisi kuufumba: humkamata mwenye maneno, mchezo ukasimama.

Watetezi wa desturi hii wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mwigizaji si lazima awe mtunzi. Ni kweli katika nyumba za sanaa ambamo watu huuza tikiti na kulipwa ujira. Lakini tamasha la shule liko chini ya elimu, na elimu haiwezi kuridhika na kijana anayesema vizuri asichokifikiri. Hoja ya pili ni kwamba watoto hawajui kuandika mchezo wa kushinda. Basi na waandike wa kushindwa. Hakuna mwalimu wa hesabu anayemfanyia mwanafunzi mtihani ili shule ipate alama nzuri. Afanyaye hivyo huitwa mdanganyifu, na huadhibiwa.

Tena mifano ya njia iliyo bora haiko mbali. Mwaka 1977 huko Kamiriithu, karibu na Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda, kisha wakayaweka maandishi mbele ya wanakijiji. Wakulima na vibarua waliyasahihisha, wakaonyesha palipokosewa lugha na palipokosewa maisha, wakajenga jukwaa kwa mikono yao. Kibali kilifutwa Novemba mwaka huo, na Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa Desemba. Lakini mchezo ulikwisha kuwa mali ya kijiji. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa juhudi za Penina Mlama na Amandina Lihamba, kilianzisha mradi wa Tuseme. Katika warsha zake wasichana wa sekondari huyataja wenyewe matatizo yao, huyachambua, huyatungia mchezo, na huuigiza mbele ya walimu na wenzao. Jina la mradi linatosha kuwa funzo: halikuitwa Tusemewe.

Yapasa basi tamasha lirekebishwe kabla ya Aprili nyingine kupita bure. Kila andiko litaje waziwazi ni nani aliyeliandika. Michezo, mashairi na filamu zilizotungwa na wanafunzi wenyewe ziwe na mashindano yao, na kikombe cha juu kabisa kiwe huko. Fedha zinazowalipa waandishi wa kukodiwa zifanye warsha za utunzi shuleni tangu mwanzo wa mwaka, na waandishi hao waitwe humo kuwa walimu. Mchezo usizuiwe ila kwa sababu zilizoandikwa, zinazoweza kukatiwa rufani. Na polisi wasikaribie ukumbi.

Asubuhi ile ya Nakuru wasichana walifanya tendo moja ambalo halikuwa katika andiko la mtu yeyote. Walijipanga, wakaimba wimbo wa taifa lao, wakaondoka. Waliolishuhudia walilielewa bila kufafanuliwa. Wenye akili ya kutunga tendo kama lile wanaweza kutunga mchezo. Na wapewe kalamu, na ngoma yao ikiisha mapema, iishe.