Sinema za habari za zamani ziingie darasani, ila sauti izimwe kwanza

Mfanyabiashara wa Kobero hanunui maharage kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya gunia. Hulifungua, huchota kiganjani, hutazama kama kuna mawe au wadudu, kisha ndipo huliweka kwenye mizani. Asiyefanya hivyo huuziwa mbuzi kwenye gunia. Leo naomba busara hiyo hiyo ya mpakani ipelekwe katika shule za Butihinda, kwenye somo la historia.

Ninachozungumzia ni sinema za habari. Kabla televisheni haijaenea, watu walioingia kwenye majumba ya sinema walionyeshwa kwanza filamu fupi za matukio ya dunia: ziara za wafalme, vita, chaguzi, bendera zikishushwa na nyingine zikipandishwa. Kwa miaka mingi filamu hizo zilibaki kwenye maghala ya Ulaya. Siku hizi nyingi zinapatikana kwenye intaneti. Kampuni ya British Pathé ya Uingereza peke yake iliweka hadharani filamu zipatazo 85,000 mwaka 2014. Mwalimu mwenye simu nzuri anaweza kumwonyesha mwanafunzi wake mambo ambayo zamani yalihitaji safari ya London au Brussels.

Hilo ni jambo la heri. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba filamu hizo hazikutengenezwa na sisi, wala hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Mfano mzuri ni filamu ya Mbelgiji André Cauvin iitwayo Bwana Kitoko, ya mwaka 1955. Hiyo si habari fupi ya wiki bali ni filamu ndefu, lakini ni ya ukoo huo huo. Inaonyesha ziara ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji katika Kongo na Ruanda-Urundi, yaani hapa kwetu. Mfalme alikuwa kijana wa miaka 24. Inasimuliwa kwamba watu walimwita Mwana Kitoko, maana yake kijana mzuri, lakini wakuu wa koloni wakaona jina hilo halina heshima ya kutosha, na "Mwana" likageuzwa kuwa "Bwana". Herufi moja tu imebadilika, lakini kijana ameshakuwa bosi. Msomaji yeyote wa Kiswahili anaona mara moja uzito wa mabadiliko hayo.

Sasa mwanafunzi anayetazama ziara kama hiyo na kuambiwa na sauti ya msimulizi kwamba wananchi wana furaha, ataamini nini? Ataamini kwamba mwaka 1955 mambo yote yalikuwa shwari. Haelezwi kwamba miaka mitano tu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilikuwa huru. Haelezwi kwamba tarehe 18 Septemba 1961 wananchi wa Burundi walikipa chama cha UPRONA cha Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore viti 58 kati ya 64, wala kwamba Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo, na uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962 akiwa kaburini. Kamera iliona umati ukishangilia, lakini haikuona kilichokuwa moyoni mwa umati ule.

Kwa mantiki hiyo, napendekeza kanuni moja rahisi: filamu ionyeshwe mara mbili. Mara ya kwanza sauti izimwe. Wanafunzi waseme wanachokiona. Nani amevaa viatu na nani hana? Nani amekaa kivulini na nani amesimama juani? Nani anatajwa kwa jina na nani ni umati tu? Kamera imesimama upande gani? Mara ya pili sauti ifunguliwe, mwalimu atafsiri, na darasa lipime kama maneno yanalingana na picha.

Kanuni hii ina faida ya pekee hapa Butihinda. Katika darasa moja utamkuta mtoto ambaye wazazi wake hawakuhama, anayewaza kwa Kirundi, na pembeni yake mtoto aliyezaliwa Nyarugusu au Nduta, aliyezoea Kiswahili cha Tanzania. Filamu nyingi za wakati ule zinasimuliwa kwa Kifaransa, lugha ambayo iliwatesa watoto wengi wa waliorudi. Sauti ikizimwa, wote wanakuwa sawa. Mtoto aliyerudi hachekwi kwa matamshi yake, kwa sababu macho hayana matamshi.

Tena watoto wetu si wageni wa mambo haya. Ni nani kati ya walioishi Kigoma au Kagera asiyejua vibanda vya video, ambako sinema ya Kichina au ya Kimarekani huingizwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, ambaye huongeza vituko na utani usiokuwamo kabisa? Watazamaji hucheka, lakini wanajua kwamba sauti ile imebandikwa. Basi waelezwe kwamba hata sauti ya msimulizi wa mwaka 1955 ilibandikwa, tena na mtu ambaye hakuwa na nia ya kuchekesha.

Wapo watakaosema kwamba picha za zamani zitafufua machungu. Hoja yao ni nzito na siipuuzi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 waliingia Ngara, ng'ambo ya pili ya mpaka wetu, kwa muda wa takriban saa 24, na kamera za dunia zikawafuata. Watu wale walipigwa picha wakiwa na njaa na kufiwa, bila majina. Picha za namna hiyo, na za maiti wa 1972 na 1993, hazifai kuwekwa mbele ya mtoto wa darasa la tano. Huenda anayeonekana pale ni ndugu yake. Tuanze na miaka ya 1955 hadi 1962, na mengine yasubiri wanafunzi wakubwa, wazazi wakiwa wameshirikishwa.

Lakini kunyamaza kabisa nako ni kufundisha. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka historia ya Burundi iandikwe upya ili Warundi wote waielewe kwa namna moja. Shule ikikaa kimya, mtoto ataipata historia hiyo kwenye simu, kipande cha dakika moja, kikiwa kimekatwa na mtu mwenye chuki zake.

Wizara ya elimu ichague filamu chache, kumi zinatosha, na kuandaa mwongozo wa mwalimu. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1955, yatunze nakala na kuziazima kwa shule, maana si kila kijiji kina intaneti. Wafanyabiashara wa Kobero nao wana nafasi yao: projekta moja na sola ya kuiendesha vinaweza kuhudumia shule kadhaa kwa zamu, na kamati za wazazi zinajua jinsi ya kuchangishana.

Jambo la mwisho halihitaji fedha. Kila filamu ikimalizika, aitwe mzee mmoja wa kijiji, aliyebaki au aliyerudi kutoka Ulyankulu, Katumba au Mishamo, aeleze alichokiona yeye kwa macho yake. Aliyekuwa na miaka 15 siku ya uhuru leo anakaribia 80. Filamu zitaendelea kuwepo ghalani Ulaya kwa miaka mingi ijayo. Wazee hawa hawana ghala, na kila msimu wa mvua tunawazika.