Sauti ya Félicité ina mwenyewe

Leo sileti habari za vita wala za bei ya muhogo sokoni. Nina deni kwa mama mmoja wa kambi ya Kigonze, hapa Bunia, na nataka kulilipa mbele yenu wote.

Jioni moja nilipitisha wimbo wa filamu Félicité. Kusema kweli, niliutumia kufungulia matangazo tu. Niliuacha nusu dakika, nikapunguza sauti, nikaanza kusoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Siku chache baadaye nikafika kambini kwa kazi. Mama huyo, aliyekimbia kutoka Djugu, akaniita: "Mwanangu wa redio, yule mama uliyemkatiza ni nani? Kwa nini hukumwacha amalize?"

Nikajibu haraka, kama mtu anayejua: ni Véro Tshanda Beya, ndiye Félicité mwenyewe. Hapo nilikuwa nimekosa mara mbili. Wimbo niliukata, na sauti nikampa mtu asiye mwenyewe.

Kwa wale ambao hawajaiona filamu hiyo, ni kazi ya Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegal. Ilipigwa Kinshasa, na mwaka 2017 ilipata tuzo kubwa ya majaji huko Berlin, kisha tuzo ya kwanza ya FESPACO huko Ouagadougou. Félicité ni mama anayeimba kwenye nganda usiku. Mtoto wake Samo anapata ajali ya pikipiki, na hospitalini wanataka pesa kabla ya kumpasua. Mama anazunguka mji mzima akidai madeni na kuomba. Mwishowe mtoto anabaki hai, lakini mguu umekatwa.

Véro Tshanda Beya ndiye anayeigiza, na anaigiza vizuri sana. Lakini mdomo wake unapofunguka kuimba, sauti tunayoisikia ni ya Muambuyi, mwimbaji wa kundi la Kasai Allstars. Na Gomis alipomwandika Félicité, Muambuyi ndiye aliyempa wazo. Kwa hiyo kwenye filamu sura ni ya mmoja na sauti ni ya mwingine. Ndiyo kazi ya sinema, hakuna kosa hapo. Kosa ni la sisi tunaoona sura tukasahau kuuliza sauti ni ya nani.

Mwaka huohuo nyimbo hizo zilitoka pia kwenye albamu peke yake, inayoitwa Around Félicité. Kwenye jalada yameandikwa majina mawili: Kasai Allstars na Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa. Ukiisikiliza, hakuna sura ya kukuvuta. Unasikia likembe zilizounganishwa na umeme, ngoma, gitaa, na sauti za waimbaji. Halafu inaingia orkestra, ile iliyoanzishwa na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, na mambo yanakuwa mapole. Sehemu ya pili ya albamu ina nyimbo zilizopikwa upya na wanamuziki wengine, na hapo filamu iko mbali kabisa.

Mwenzangu mmoja wa kazi aliniambia kwamba muziki wa filamu bila filamu ni mchuzi bila ugali. Nakubali kwamba kuna kitu kinapotea. Asiyemwona Félicité akihesabu pesa hatajua kwa nini anaimba vile, na wengi wetu hatuelewi Kiluba cha Kasaï. Lakini nauliza: sisi watu wa redio, ni nani anapaswa kuamini kuliko sisi kwamba sauti inatosha? Mtu wa kambini hana televisheni. Hana mega za kuangalia filamu nzima kwenye simu. Ana redio ndogo ya betri, labda na kadi ya memori ambayo kijana wa jirani amemjazia nyimbo. Kumwambia kwamba muziki huu ni mabaki ya kitu ambacho hataweza kukiona, ni kumfukuza mara ya pili.

Tena kuna jambo ambalo albamu inaonyesha kuliko filamu. Kasai Allstars ni wanamuziki wa makabila matano: Waluba, Wasongye, Walulua, Watetela na Waluntu. Kila kabila lina namna yake ya kusema na namna yake ya kupiga. Wengi walidhani miziki hiyo haiwezi kukaa pamoja. Kwenye filamu wao ni bendi ya nganda, macho yako kwa mama. Kwenye albamu unasikia jinsi mmoja anavyomwachia mwenzake nafasi, bila yeyote kuacha lugha yake. Sisi wa Ituri sihitaji kutuambia zaidi.

Na ninyi ndugu mliokimbia vita mnajua vizuri habari ya sura bila sauti. Kamera zinafika kambini, zinapiga picha ya mama na mtoto mbele ya hema, zinaondoka. Picha inazunguka dunia nzima. Jina la mama halimo, na maneno aliyosema hayamo. Nilipompa Véro sauti ya Muambuyi, nilifanya kitu cha namna hiyohiyo kwa upande mwingine.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa wenzangu wa redio zetu, na mimi nikiwa wa kwanza. Tunapopitisha wimbo wa filamu, tumtaje anayeimba, si anayeigiza peke yake. Tueleze kwa maneno machache hadithi ya filamu, ili asiyeiona apate pa kushikia. Na tuache wimbo ufike mwisho. Dakika sita si nyingi kwa mtu ambaye amekaa kambini miaka.

Nilirudi Kigonze nikamwambia mama yule ukweli: anayeimba anaitwa Muambuyi. Akarudia jina hilo polepole, kisha akaniuliza, "Na wimbo je, utaumaliza lini?"

Ni Jumamosi, mama, baada ya habari za jioni. Matangazo nitayasoma kabla.