Chapati za Jumapili na Mizani ya Jumatatu

Wasee, wacha niseme kitu ambacho wengi hawatapenda. Ile siku moja ya kula kila kitu inaweza kufuta jasho lako la wiki nzima. Na bado nakwambia usiiache.

Hesabu kwanza, mnitusi baadaye. Kilo moja ya mafuta mwilini ni takriban kalori 7,700. Tuseme umejinyima kalori 400 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Hiyo ni 2,400. Jumapili mko kwa shosho: chapati nne, pilau sahani mbili, soda ya nusu lita yenye kalori kama 210, halafu mkirudi mtaani jioni kuna chipsi na kuku. Kupitisha kiasi chako kwa kalori 2,400 si kazi ngumu, manze. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na unajua vile chapati za shosho hung'aa.

Kuna wale wa jimu watakwambia ati unashtua mwili ndio uchome zaidi. Mwili huongeza moto kidogo tu ukila sana, lakini si wa kulipa deni kubwa hivyo.

Sasa, kilichonimaliza mimi hakikuwa Jumapili. Mwaka jana nilikuwa kilo 81.2 siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi napanda mizani, 83.1. Nikashuka, nikapanda tena, mizani haina huruma. Nikaamua sili. Siku mbili ni maji na strungi bila sukari. Jumanne jioni, kwa steji, macho yakaanza kuona giza. Mama mmoja anayeuza uji hapo akanikalisha kwa kreti, akanipa kikombe, akakataa pesa. Na usiku huo huo nikamaliza mkate mzima nikiwa nimesimama jikoni, taa imezimwa. Nilirudia huo mchezo karibu miezi mitatu. Kilo hazikusonga popote.

Laiti mtu angenielezea mapema. Ili uongeze kilo 1.9 za mafuta kwa siku moja, unahitaji kalori zaidi ya 14,000 juu ya zile unazotumia. Hata ukihudhuria harusi tatu huwezi. Nilichoona kwa mizani kilikuwa maji mengi, na chakula chenyewe ambacho kilikuwa bado tumboni. Wanga ukila kwa wingi, mwili huweka sehemu yake kwa ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu hushika karibu gramu tatu za maji. Chumvi nayo huvuta maji yake. Ukirudi kula kawaida, mengi hutoka ndani ya siku chache. Yaani nilikaribia kuzimia steji juu ya maji.

Halafu hilo jina. Kwa Kizungu wanaiita siku ya kuiba, kama vile mtu huiba mtihani. Ukila ukijiona mwizi, utakula haraka, utakula kwa kujificha, na kesho yake utajihukumu. Kuna Jumapili nilimkatalia shosho chapati. Akaweka sahani chini polepole, akaniuliza, "Kwani nimekukosea nini, baba?" Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini, kalori?

Siku hizi najiachilia mlo mmoja, si siku nzima. Asubuhi nakunywa chai na mayai kama kawaida, kwa sababu ukienda kwa shosho ukiwa na njaa ya tangu jana, hiyo pilau itakushinda tu. Mizani naipanda Ijumaa. Jumatatu nakula.

Lakini kama wewe ukianza kula huwezi kusimama, au unajitapisha baadaye, tafadhali usichukue ushauri wa mtu wa mtandaoni kama mimi. Ongea na daktari au mshauri nasaha. Hiyo si tabia mbaya, ni ugonjwa, na hutibiwa.

Jumapili iliyopita nilikula chapati mbili na soda yangu, nikasema nimeshiba. Shosho akaniangalia kama ananipima homa. Tukiondoka akanisukumia mkebe wa zamani wa siagi, ndani chapati tatu. Moja nililia ndengu Jumanne. Hizo zingine mbili ndugu yangu alizipata kabla yangu, na hilo ni deni lingine.